Kabla ya mgomo, jua nani ameshika kalamu

Swali: "Shikamoo mama. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Moshi. Mwezi Juni niliapishwa kuwa waziri wa elimu na ustawi katika serikali ya wanafunzi. Tulinadi mambo matatu: matokeo yasichelewe, adha za bumu (fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo), bima na kodi za mageto (vyumba vya kupanga) zipungue, na wanafunzi washiriki uchaguzi wa serikali za mitaa. Tangu chuo kifunguliwe tumeitisha mikutano miwili, wamekuja watu 40 na chuo kina maelfu. Barua yetu yenye madai 17 imejibiwa nusu ukurasa. Uongozi unasema tunaingiza siasa, na wenzangu sasa wanataka mgomo. Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kiapo.

Nilikaa miaka 19 katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, upande wa pili wa meza mnayoigonga sasa. Barua yenu ya madai 17 naijua hata kabla sijaiona. Nilipokea za namna hiyo karibu kila mwaka, na kwa kuwa nimestaafu nitakueleza tulivyokuwa tukizifanya. Unaisoma na kalamu mkononi. Unatafuta matatu yasiyogharimu kitu: taa ya korido iliyoungua, tangazo la saa za maktaba, kitasa cha choo. Hayo unayamaliza ndani ya wiki. Kumi na manne yaliyobaki unayaandikia "yanafanyiwa kazi". Mwisho wa mwezi taarifa kwa uongozi wa chuo inasema madai ya wanafunzi yanashughulikiwa, na wala si uongo.

Barua iliyokuwa ikininyima usingizi ni ya dai moja. Ile haina pa kujificha. Ama unajibu ndiyo, ama unajibu hapana, na ukijibu hapana inabidi useme kwa nini, na sababu yako itabandikwa ubaoni.

Hata hivyo, kabla ya barua angalia kalenda. Watu wa serikali za wanafunzi hujiona wana mwaka mzima. Hamna. Mmeapishwa Juni, likizo ndefu ikawameza. Mmefungua Novemba. Desemba nusu yake si yenu: kwa huku Kilimanjaro, ikifika tarehe 15 watu wanapanda nyumbani kula Krismasi, na hata yule wa masijala anayegonga muhuri yuko kijijini anachagua mbuzi. Januari ni ya kwenu. Februari ni mitihani. Machi na Aprili mnafanya kazi, Mei wenzenu wameshaanza kunadi sera za kuwarithi, na hakuna mkuu wa idara atakayehangaika na waziri anayeondoka. Ukitoa majaribio ya katikati ya muhula, unabaki na wiki kama 14. Waliosema mshika mawili moja humponyoka hawakukutana na serikali ya wanafunzi iliyoshika 17.

Kwa hiyo chagua dai moja ambalo jibu lake linaweza kupatikana ndani ya wiki hizo 14. Halafu tafuta nani ameshika kalamu. Simaanishi nani mkubwa chuoni. Namaanisha ni mtu gani hasa asiposaini, jambo haliendi. Mara nyingi siye mliyemwandikia.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Kulikuwa na hosteli ya wasichana, ghorofa ya tatu, ambako maji yalikuwa yakitoka kwa mwendo wa kinyonga na mwisho wa wiki yakikatika kabisa. Wakapiga kelele miaka miwili. Viongozi wa wanafunzi wakawa wamekwishaandaa maandamano kwenda mamlaka ya maji. Akatokea binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole hata sauti yake ilikuwa ya kuitafuta, akatundika kalenda nyuma ya mlango wa bafu na kuandika kila siku saa maji yalipokuja na yalipokatika. Wiki tatu. Akaniletea ile kalenda ikiwa na madoa ya sabuni. Tukaona kitu: maji yalikuwa yanakatika Jumamosi na Jumapili, tena si kila wiki. Bomba la mtaani lilikuwa na maji muda wote. Kilichokuwa kinaisha ni umeme wa pampu, yaani LUKU, na LUKU ilinunuliwa kwa idhini ya karani mmoja ambaye Jumamosi hayupo kazini. Ikiisha Ijumaa jioni, mnasubiri hadi Jumatatu. Dawa ilikuwa kuruhusu mlinzi wa zamu anunuliwe uniti za akiba. Ilichukua siku mbili na karatasi moja. Na mimi, niliyekuwa nikipita chini ya ile hosteli kila asubuhi, sikuwahi kuuliza pampu inawashwa na nani. Hilo bado linaniuma.

Sasa twende kwenye yako.

Umesema matokeo yanachelewa. Matokeo yapi? Alama za kosiweki, yaani kazi na majaribio ya ndani ya muhula, au za mtihani wa mwisho wa muhula? Ni njia mbili tofauti. Za mtihani zinaanza kwa mwalimu, zinakwenda idara, zinapanda kitivo, na zinakuwa rasmi zikishapitishwa na seneti, kikao cha juu cha taaluma cha chuo. Kabla ya hapo ni za muda tu. Ukimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo "matokeo yanachelewa", atakujibu kuwa ratiba ya seneti inajulikana, na hapo mmefungwa bao. Lakini kosiweki haina safari hiyo ndefu. Iko kwa mwalimu na idara yake. Na kosiweki ndiyo inayowaumiza zaidi, kwa sababu mtu anaingia chumba cha mtihani hajui kama amebeba 12 au 28, kisha anakuta sapu (mtihani wa marudio) ambayo angeweza kuiepuka kwa kukata rufaa mapema. Fungueni kanuni za mitihani za chuo chenu, zipo na wengi hamjawahi kuzisoma, mtazame zinasemaje kuhusu kutangaza alama za kosiweki kabla ya mtihani. Kama zinataka zitangazwe, hamuombi hisani, mnaomba kanuni ifuatwe. Kama hazisemi, ombeni kipengele hicho kiingizwe. Kwa vyovyote vile ni dai la ndiyo au hapana, na wenye kalamu ni wakuu wa idara. Mtu anaweza kuwazungukia wote kwa miguu kabla ya saa sita mchana.

Wawakilishi wa madarasa wakusanye kitu kimoja tu: somo gani, jaribio lilifanyika tarehe gani, alama zimerudi tarehe gani. Majina ya walimu msiyaweke kwenye karatasi itakayosambaa. Mkiyaweka, mjadala utahama kutoka kwenye alama na kuwa nani amemvunjia nani heshima, na kwenye mjadala huo mwanafunzi hajawahi kushinda.

Na mna viti ambavyo mnavisahau. Mfumo wa vyuo vikuu vyetu, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, unawapa wanafunzi uwakilishi kwenye vyombo vya maamuzi. Nimekaa kwenye vikao hivyo na wawakilishi wengi wa wanafunzi. Wengi walikuja na suti nzuri, wakala maandazi, wakatia saini ya mahudhurio, wakaondoka bila kufungua makabrasha. Muulize mwakilishi wenu leo: makabrasha ya kikao kijacho yanatoka lini, na siku ya mwisho ya kupeleka ajenda kwa katibu ni ipi? Kama hajui, umeshapata kazi ya wiki hii.

Kuhusu bumu, nitasema mawili. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, na tangu siku hiyo bumu likichelewa kila mtu anaangalia Dar es Salaam. Wakati mwingine ni kweli pesa haijatoka huko. Lakini mara nyingi mno nimekuta mwanafunzi anayeendelea na masomo hajapewa kwa sababu chuo hakijapeleka matokeo yake Bodi, au usajili wake haujathibitishwa, au yeye mwenyewe hajasaini. Hiyo ni milango mitatu na funguo zake ni tofauti. Kabla ya kuandika barua, dawati la mikopo la chuo liwape hesabu: wangapi wamekwama kwa sababu ya kwanza, wangapi ya pili, wangapi ya tatu. Haiwagharimu chochote kutoa namba bila majina. Mkiona sababu ya kwanza ndiyo kubwa, mwenye kalamu mnakutana naye kantini kila siku. Bima ni vilevile: mwanafunzi kalipa mchango wake, kadi haifanyi kazi hospitali, na ukichimba unakuta orodha ya majina ilikaa kwenye droo.

Kodi ya geto ndiyo yenye nyama zaidi, nami nakushauri hili liwe la pili baada ya kosiweki, kama mtapata nguvu.

Mwenye nyumba wa Rau au Longuo anataka miezi sita, wengine mwaka mzima. Bumu tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku na linakuja kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni 600,000, na ndani yake mtu anatakiwa ale. Kalenda ya mwenye nyumba na kalenda ya bumu hazisomani. Hapo ndipo watoto wanapoingia mikopo ya riba ya mtaani, au wanalala watano chumba cha wawili, au binti anakubali msaada wa mtu ambaye si wa kumkubali. Hili la mwisho nimelishughulikia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na halikuwahi kuandikwa kwenye barua yoyote ya madai. Mnalizungumza vyumbani kwa sauti ya chini. Waziri wa ustawi anayetaka kujua hali halisi aanzie huko, na kama wewe ni wa kiume, mpeleke naibu wa kike akasikilize bila wewe kuwapo.

Na tusisahau kwamba kuna wasio na bumu kabisa. Wa vyuo vya kati walikuwa nje ya mikopo hii hadi 2023/24, ilipoanza kutolewa kwa baadhi ya kozi za stashahada tu. Ukisimama ukasema "sisi wanafunzi, bumu letu", nusu ya ukumbi unakuwa umeifungia nje.

Kinachowezekana ndani ya wiki 14 ni kidogo lakini kinashikika. Chagueni mtaa mmoja wenye mageto mengi. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa awakutanishe na wenye nyumba, hata kumi tu. Nendeni na mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema kodi italipwa kwa mafungu yanayolingana na bumu, serikali ya wanafunzi itapeleka majina ya wanaotafuta vyumba moja kwa moja, na dalali hatalipwa mwezi mzima. Mwenye nyumba anapata nini? Chumba hakikai tupu, na akidhulumiwa ana pa kwenda kulalamika. Usimwendee kama adui. Wengi ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa vyumba hivyo vinne, na migomba iliyobaki nyuma ya nyumba haimtoshi mtu hata mtori wa wiki.

Hapo sasa, bila kutaja neno siasa, umeshaingia kwenye ahadi yako ya tatu.

Nikuambie ukweli kuhusu hiyo ahadi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024, na unafuata mzunguko wa miaka mitano. Ujao, kwa kawaida, ni 2029. Wewe utakuwa umehitimu, labda una mtoto. Mmenadi kura ambayo haipo. Sisemi mlidanganya, nadhani hakuna aliyefungua kalenda. Kinachokuwepo kati ya uchaguzi na uchaguzi ni mikutano ya wakazi wa mtaa, na mwanafunzi wa miaka 18 aliyepanga chumba pale ni mkazi. Mara ya mwisho lini mwanafunzi wa chuo chenu alisimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza kwa nini njia ya kutoka barabarani hadi mageto haina taa, wakati mabinti wanatoka maktaba saa tatu usiku? Diwani yupo, mtendaji wa mtaa yupo, na vibaka wa ile njia wanajulikana kwa majina. Wapelekeeni swali hilo mkiwa wanafunzi 20 mliokaa kwa utulivu mstari wa mbele. Hakuna uongozi wa mtaa unaoweza kuwapuuza watu 20 wanaojua kuandika muhtasari.

Kwa wanaokuja nyuma yenu, waachieni karatasi yenye mambo mawili. La kwanza, orodha ya wapiga kura wa mtaa si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kadi ya mpiga kura mfukoni haikuingizi kwenye orodha ya mtaa, unajiandikisha upya pale unapoishi. La pili, uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, na vyuo hufungua Oktoba au Novemba. Mwaka 2010 kura ilipigwa 31 Oktoba na vyuo vingi vikafunguliwa baada yake. Wanafunzi waliokuwa wamejiandikisha vyuoni wakawa kwa wazazi wao mikoani, kadi mkononi, kituo kiko mkoa mwingine. Mwenye kujua atakuwa wapi siku ya kura ndiye ajue ajiandikishe wapi, au ahamishe taarifa zake wakati wa uboreshaji wa Daftari.

Sasa hilo la "mnaingiza siasa". Uongozi una hoja moja halali na moja ya uvivu. Ya halali: Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza shughuli za vyama shuleni na mahali pa kusomea. Kwa hiyo rangi za fulana, salamu za vyama, mgeni rasmi ambaye ni mbunge mtarajiwa, vyote viacheni getini. Mkitaka elimu ya mpiga kura, msiitoe wenyewe, waombeni wahusika wa uchaguzi kupitia Halmashauri ya Manispaa waje waitoe. Hoja ya uvivu ni kuita kila swali siasa. Dawa yake ni kuandika kanuni iliyo nyuma ya kila dai, namba ya kipengele na ukurasa. Nilipokuwa nikipokea barua yenye namba ya kipengele nilikuwa naifungulia jalada. Isiyo nayo niliipeleka kwenye faili la "malalamiko ya jumla", na faili hilo lilikuwa nene.

Na mgomo?

Wasimulie wenzako habari ya 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa wahitimu: miaka miwili, na katika miezi 18 ya hiyo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Unaweza kubishana nao, lakini ilikuwa hoja inayojadilika. Walikuwa hata na la kusema kuhusu mishahara minono ya wakubwa. Ila miongoni mwa mabango kulikuwa na lililosema maisha yalikuwa bora zaidi enzi za ukoloni. Nchi ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru. Mwalimu Nyerere akasikiliza, akawaka. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa. Lile la mishahara lilimgusa, akakata wa kwake kwa asilimia 20, na miezi mitatu na siku kadhaa baadaye Azimio la Arusha likapitishwa. Masharti ya JKT yalibaki pale pale. Bango moja lilikula mengine yote.

Siwaambii msiandamane milele. Kuna siku mlango unafungwa kweli. Lakini andamano la nje ya chuo linahitaji taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla, na linahitaji mtu anayesoma kila bango kabla halijanyanyuliwa. Waulize wenzako nani kati yao yuko tayari kuwa mtu huyo, na ni barua gani ya dai moja iliyokwisha kataliwa kwa maandishi. Kama hakuna, hamjafika huko.

Mikutano yenu ya watu 40 haikushindwa. Mliiweka saa ngapi? Kama ilikuwa saa kumi na moja jioni, basi waliopanga mbali walikuwa wanawahi gari kabla giza halijaingia. Acheni kuita watu. Waendeeni: mwakilishi wa darasa amwombe mwalimu dakika tano kabla ya kipindi, aseme dai moja, apitishe karatasi. Na hao 40 waliokuja wapeni kazi ile ya yule binti wa kalenda, kila mmoja jambo moja la kuhesabu kwa wiki tatu.

Kabla ya barua ya kwanza kutoka, bandika ubaoni matumizi ya wizara yako tangu Juni, hadi soda za kikao. Wataanza kwa kukucheka kwa soda. Wacha wacheke, wakimaliza watasoma na mistari iliyobaki.